Onja, Daktari

Wiki iliyopita tulimwacha Daktari ameegemezwa ukutani, kisu cha kutolea mifupa kikiwa chini ya kidevu chake, na mlango wa chumba cha dawa umekomewa kwa ndani. Wengine mmekula, mmelala, mmeamka, mmegombana na wenzenu mkapatana. Yeye bado yuko pale pale.

Kwa aliyechelewa kutufuata, mwenye kisu ni Nundu, muuza nyama, aliyepewa jina hilo kwa mabega yake. Robo ya ng'ombe ilichomoka kwenye ndoano ikamwangukia kiunoni. Mfupa wa nyonga uliungwa, ukashika, lakini mishipa ya fahamu ilibaki inawaka moto usiozimika. Tangu hapo anatibiwa katika kliniki hii ya maumivu kwa mofini ya maji, na leo asubuhi Daktari amemkatalia nyongeza kwa mara ya pili.

Nundu alikuwa anatetemeka, na hilo lilimtisha Daktari kuliko kisu chenyewe. Mkono wa muuza nyama hautetemeki bure. Jasho lake lilidondoka kwenye kola ya koti jeupe, na kila alipouwekea uzito mguu wa kushoto alikoroma kama ng'ombe aliyekosewa shingo. Chini ya meza, Mfamasia alikuwa amejikunyata, mikono kichwani, akisali kwa sauti ya mbu.

"Umenitangaza mlevi wa dawa," Nundu alisema. "Mbele ya dada yangu. Mbele ya watu."

Daktari alimjibu kwa upole wa mtu aliyeshikiwa kisu. Alimwambia kwamba chupa yake huisha kabla ya siku yake, kwamba anadai zaidi kila anapokuja, kwamba mkewe amerudi kwao na jicho limevimba. Mwili ukishazoea mofini hutafuta mofini, maumivu yawepo yasiwepo. Hakuwa anamtukana, alimweleza uraibu unavyokuwa.

Na msomaji usimwone Daktari ana roho mbaya. Aliwahi kumwonea huruma mwalimu mmoja wa hesabu, akamwongezea na kumwongezea, mpaka mwalimu akakutwa amekufa chooni na bomba la sindano mkononi. Baada ya hapo aliogopa, akamnyima fundi cherehani mwenye saratani ya mfupa, na fundi akajinyonga kwa mkanda wake wa kupimia. Daktari alitembea na makaburi hayo mawili moyoni, moja la huruma na moja la hofu. Kila alipoandika dozi alikuwa anayakanyaga yote mawili.

"Mke wangu nilimpiga, ni kweli," Nundu alisema, kana kwamba anazungumzia mtu mwingine. "Aligusa kitanda nikiwa nimelala, basi. Sikumjua hata ni nani. Hayo unayajua wewe? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Ndiyo maana nasema tutafute njia nyingine."

"Mwanzo ile dawa ilinisaidia. Nililala mpaka nikaota. Halafu ikaisha nguvu yote, ikawa kama nakunywa maji ya bomba."

Daktari alifumba macho. Kila anayezoea husema hivyo hivyo, na alimwambia.

Nundu hakubishana. Alitia mkono wa pili mfukoni, akatoa chupa ya dawa, akang'oa kifuniko kwa meno na kukitema sakafuni. Ndani yake kulikuwa na maji ya kijani. Mofini ya maji haina rangi, na wanaoichanganya huitia rangi kusudi ili watu wasije wakauana kwa bahati mbaya. Ya kijani ni nyepesi. Ya buluu ni kali, na kijiko chake kimoja ni kama kumeza chupa nzima ya kijani.

"Onja, Daktari."

Daktari alibana midomo. Kisu kikapanda kidogo, ngozi ikaachia, na damu ikateremka hadi kwenye kola.

"Onja. Ikiwa chungu, niite mlevi nami nitakuitikia labeka."

Akaonja.

Mofini ni chungu kama shubiri. Hilo Daktari alilijua kwa ulimi wake mwenyewe, maana mkufunzi wao aliwaonjesha wote darasani, ili wasije wakamcheka mgonjwa anayekunja uso. Alisubiri uchungu uje. Haukuja. Aliyameza, akanywa tena kwenye kinywa cha chupa, safari hii bila kulazimishwa. Yalikuwa maji, pamoja na harufu ya mbali ya arki ya vanila.

"Si chungu," alisema.

"Sema tena."

"Si chungu, Nundu. Umekuwa ukinywa maji."

Lile jitu likaanza kulia. Mkono wenye kisu ulishuka polepole mpaka ubavuni, na Daktari akavuta pumzi yake ya kwanza kamili tangu wiki iliyopita.

Hapo ndipo mlango ulipong'oka.

Aliyeingia nao ni mlinzi wa kliniki, wanayemwita Afande, na mkononi alikuwa na rungu. Aliona damu kwenye kola ya Daktari, akaona kisu, hakuuliza swali. Rungu la kwanza lilimpata Nundu kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ulilia kwa sauti ambayo wote mle ndani waliisikia. Kisu kilianguka. Nundu alikidaka kwa mkono wa kushoto kabla hakijafika chini, maana mikono yake ilijua visu kuliko akili yake, na alipokizungusha kilipasua kigasha cha Afande kutoka karibu na kiwiko hadi kwenye saa.

Wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana. Wakaiendea kabati ya dawa kwa uzito wao wote. Kabati ilikwenda nao chini, vioo vikamwagika, vichupa vya sindano vikapasuka chini ya viatu vya Afande kama kokwa, na Mfamasia akapiga yowe chini ya meza yake ingawa hakuna aliyemgusa.

Afande ndiye aliyekaa juu. Alitafuta mahali pa kupiga, na kwa kuwa alimwona Nundu akichechemea kila wiki, alipajua pa kupiga. Rungu lilishuka kwenye nyonga. Likashuka tena pale pale.

Sauti aliyoitoa Nundu sitaiandika hapa, gazeti hili husomwa na watoto. Daktari alimwambia Afande inatosha. Afande hakuwa na masikio. Daktari alilishika rungu, akapigwa kiwiko cha mdomo, akatema jino. Mwisho aliona hakuna njia ila moja, akajitupa kifudifudi juu ya mgonjwa wake, na rungu lililokuwa limeshaondoka likamshukia yeye begani.

Hapo Afande akaacha kupiga.

"Alikuwa anakuchinja," Afande alisema, akihema.

"Alikuwa ameshashusha kisu."

Afande alitazama mkono wake uliofunguka, kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka. Alisema amelinda benki, amelinda ghala la silaha, na hajawahi kukatwa ila na mgonjwa. Daktari alimfunga kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe, akaukaza mpaka damu ikasita, kisha akamgeukia Nundu.

Na hapa, wenzangu, ndipo penye kazi. Mtu yuko sakafuni, mkono umevunjika, nyonga imepigwa juu ya kidonda cha zamani, anajing'ata ulimi. Anahitaji mofini, na sasa hivi. Ni kiasi gani?

Mfamasia alitoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akarudiwa na elimu yake. Alisema wampe dozi yake ya siku zote kwa sindano, tena waiongeze, kwa sababu mwili wake umezoea na kidogo hautakisikia.

"Kama amekuwa akinywa maji, hajazoea chochote," Daktari alisema. "Dozi ya aliyezoea itamzima."

"Na kama anatudanganya? Kama hayo maji ameyatia mwenyewe leo ili akuteke?"

Lilikuwa swali zuri, na Daktari alichukia kwamba ni zuri. Akimwamini Nundu naye ni mwongo, atamwacha ateseke dakika chache. Akimwamini Mfamasia naye Nundu ni mkweli, atamzika. Mofini ni kama chumvi. Iliyopungua huongezwa, iliyozidi ni taabu kuitoa. Alimpokonya Mfamasia bomba la sindano, akavuta kutoka kichupa cha mofini kilichonusurika tone dogo ambalo angempa bibi kizee anayeionja dawa hiyo kwa mara ya kwanza, akamchoma mshipani na kumweka kiganja kifuani.

Wakangoja. Kelele za Nundu zilishuka zikawa mguno. Mguno ukawa pumzi. Ngozi ya paji la uso, iliyokuwa imekunjamana tangu siku ile ya ndoano, ikanyooka, na kope zake zikawa nzito.

Tone lile lisingemfanya kitu mtu aliyezoea. Daktari alijua hivyo, na Mfamasia naye alijua, akatazama kando. Kwa wiki nyingi walikuwa wamemwona mtu anaungua, wakamwita mraibu kwa sababu alipiga kelele. Daktari aliona aibu.

Alimwinamia akamuuliza ni nani mwingine anayeigusa ile chupa nyumbani.

"Dada tu," Nundu alisema kwa sauti ya usingizi. "Dada mkubwa ndiye anayenipimia. Mikono yangu inatetemeka." Akatabasamu kidogo, meno yana damu. "Tena hunionjea kwanza. Toka mdogo. Nilikuwa nakataa dawa chungu, basi anaonja yeye, anakunja uso, nacheka, nakunywa. Mpaka leo. Kijiko cha kwanza chake, cha pili changu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kinaweza kuwa kinakupenda.

Daktari alimjua huyo dada, nasi tunamjua tangu sura ya kwanza. Ni Mama Keki, yule mama mfupi anayekaa kwenye benchi la nje kila siku ya kliniki, mpikaji wa keki za harusi. Daktari amewahi kumsimamisha mbele ya walezi wengine awe mfano wao. Ndiye anayembeba Nundu mgongoni kumpeleka msalani siku mguu unapokataa, yeye mwenye urefu wa meza. Ndiye ambaye vidole vyake havitakati rangi, leo waridi, kesho kijani, na nguo zake zinanukia vanila.

Siku moja aliwahi kumnong'oneza Daktari kwamba mgongo unamuuma, hawezi hata kukanda unga. Daktari, foleni ikiwa ndefu, alimpa vidonge vya kichwa, akamwambia amshukuru Mungu kwa kuwa yeye ni mzima. Kwa hiyo Mama Keki alirudi nyumbani na mgongo wake, na kijiko chake cha kuonja. Kijiko kikapunguza moto. Vikawa viwili. Chupa ikipungua, ikajazwa maji, na rangi ya keki ikapatikana kabatini. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyoanza, na Daktari sasa aliyaona yote kwa mpigo mmoja.

"Daktari," Mfamasia alisema nyuma yake. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. "Asubuhi nilimpa dada yake chupa."

"Chupa gani? Nilikataa."

"Jana huyu alinisubiri barabarani, akaninyanyua kwa kola miguu ikaning'inia. Nikasema bora nimpe, asije tena." Alionyesha dirisha kwa kidole. "Nilimpitishia dada yake dirishani, kabla foleni haijaanza."

"Rangi gani?"

"Ya buluu. Wala sikumwambia ukali wake."

Daktari alitoka mbio, bega limelegea, mdomo unavuja damu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamekimbia na kuacha ndala zao zimezagaa sakafuni. Kwenye benchi alibaki mtu mmoja tu, kichwa kimeegemea ukuta, mkoba mapajani, na juu ya mkoba kijiko cha chai chenye tone la buluu.

Alimpiga kofi. Akampiga la pili, kwa nguvu, kwa hasira, kwa makofi yote ambayo alistahili kujipiga mwenyewe. Macho ya Mama Keki yalifunguka. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano.

"Umekunywa kiasi gani?"

"Kijiko changu kile kile," Mama Keki alisema taratibu. "Mbona hiki kizito..." Vidole vya kijani vikamshika Daktari mkono, vikambana kwa nguvu isiyotegemewa. "Usimwambie, mwanangu. Nakuomba. Usimwambie."

Kisha vidole vikaachia. Kifua kilipanda mara moja, kikakaa, kikakaa, kikasahau.

Iko dawa ya kuzindua. Ni sindano inayoikimbiza mofini mwilini, na kila penye mofini huwekwa nayo. Daktari alipaza sauti iletwe. Mfamasia alijibu kutoka ndani, sauti imekatika, kwamba sanduku lake lilikuwa kwenye kabati iliyoanguka. Daktari alimwamuru akimbie wodi kubwa ng'ambo ya uwanja akalete nyingine, na mpira wa kupulizia hewa, akamwona akipita kama mshale. Kwenda na kurudi ni mwendo. Ubongo usio na hewa hausubiri mwendo.

Alimlaza Mama Keki sakafuni, akampulizia pumzi kinywani, mbili, tatu, damu ya jino lake ikibaki kwenye midomo ya yule mama. Kisha akaingia ndani kwa magoti, akapekua vioo kwa mikono mitupu. Kichupa kilichopasuka. Kingine kilichopasuka. Kingine. Viganja vilikatika, magoti yakakatika, hakusikia. Chini ya kile kisu cha kutolea mifupa, kimeviringika mpaka ukutani, alikuta kichupa kimoja kizima cha dawa ya kuzindua.

Kimoja tu. Alikibusu.

Alipoinuka ndipo alipoliona bomba la sindano karibu na mkono wa Nundu. Halikuwa lile alilolitumia yeye. Lilikuwa kubwa, na lilikuwa tupu.

"Yule mtaalamu wako," Afande alisema kutoka pembeni, kichwa kimemning'inia. "Ulipotoka jamaa alianza kulia mkono. Akamwongezea, akiogopa atainuka tena. Anasema dozi yake ya siku zote."

Nundu alikuwa kimya kupita kiasi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Daktari alimtikisa bega, akamwita, akambana mkono uliovunjika kwa makusudi ili maumivu yamwamshe, maumivu yale yale aliyokuwa anayapigania tangu asubuhi. Kope zilicheza. Sauti iliyotoka haikuwa ya muuza nyama. Ilikuwa ya mtoto aliyelala upande wa ukutani, anayeogopa kijiko.

"Dada aonje kwanza," alisema.

Na kifua chake kikatulia.

Daktari alisimama penye mlango uliong'oka. Kulia kwake, ndani, alilala mtu aliyemwekea kisu shingoni, ambaye alikuwa mkweli. Kushoto, nje, alilala mama aliyemwibia ndugu yake nafuu kijiko kwa kijiko, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza mgongo wake una nini. Alifikiria kuigawa nusu kwa nusu, akakumbuka ile buluu na lile bomba kubwa, akajua nusu inaweza isimwamshe yeyote.

"Wa nje," Afande alisema. "Huyu alitaka kukuchinja. Mbona unafikiri?"

Daktari alivunja shingo ya kile kichupa kwa kidole gumba, akavuta dawa yote ndani ya bomba, akapiga magoti.